Zafarani ya Dada Raya

Wiki iliyopita tulikuwa tunafunga vyombo vya Mama. Anahama Lozells, nyumba aliyokaa tangu tulipofika nchi hii ya Waingereza kutoka Pemba, anakwenda kuishi na dada yangu Raya kule Shard End. Kwa Raya, si kwangu. Mimi nina chumba kitupu kinachopata jua la asubuhi, nilikipaka rangi kwa mkono wangu mwenyewe, lakini sikuulizwa hata kwa kuzugwa. Basi nikawa nazungushia sahani magazeti huku nimevimba, mtu mzima na watoto wangu wawili, mpaka nikaifikia ile nyeupe yenye ukingo wa buluu, iliyokuwa chini ya zote. Nikainusa. Haina harufu yoyote sasa, ni sahani tu, lakini pua yangu ilijaa zafarani na marashi, nikakaa nayo sakafuni.

Nawaambieni kweli, sijapata kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea Raya mwaka ule, mimi nina miaka tisa na yeye kumi na tano. Wivu wa mapenzi niliuonja baadaye, nikauona mwepesi. Huu wa kugombea mama ulikuwa unaniamsha asubuhi kabla Baba hajarudi kutoka kazini.

Mwaka ule Mama alinyamaza. Hakugombana na mtu, wala hakulia mbele yetu. Alinyamaza tu, kama redio iliyochomolewa. Kabla ya hapo kila Jumamosi alikuwa akiniweka katikati ya magoti yake, ananipaka mafuta ya nazi aliyoyayeyusha juu ya redieta ya kupashia nyumba joto, ananisuka mistari sita, na mdomo wake haukatiki. Atakusimulia watu wa Pemba usiowajua, atawateta, na ukijitingisha atakupiga kitana cha kichwa. Jumamosi hizo zikakatika. Nikawa nakwenda skuli na mtandio, nywele zimefumka chini yake, na mwalimu wangu akadhani dini imenikolea.

Baba alikuwa akifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, mchana analala. Ukimwuliza Mama ana nini, jibu lake moja: "Baridi ya huku imemwingia mama yenu. Itatoka." Na mimi nikaamini. Nilikuwa nakusanya mablanketi ya vitanda vyote namfunika. Anakaa chini ya mablanketi matano, jasho linamtiririka, hanambii niyatoe.

Siku moja Raya hakwenda skuli kwa sababu anampeleka Mama kwa daktari. Kiingereza cha Mama kilikuwa cha kununulia muhogo dukani, cha Baba hakikuzidi sana, kwa hiyo mkalimani wa nyumba alikuwa Raya. Barua za halmashauri, simu ya watu wa gesi, yote yeye. Nililia nataka kwenda na mimi, nikaambiwa mimi mdogo. Niliporudi skuli niliwakuta wamesharudi, Mama kapanda juu kulala, na mezani kuna karatasi ya chipsi inanuka siki. Wamekula chipsi bila mimi. Raya alikuwa amesimama kwenye sinki anaosha mikono, anaisugua, anaiosha tena.

"Daktari kasema nini?" nilimwuliza.

"Apumzike," alinijibu, kwa Kiingereza, bila kunigeukia.

Chipsi zake hakuzigusa hata moja. Nilizila mimi, zimepoa, na nikaona ni haki yangu.

Tangu siku ile Raya akawa habanduki nyumbani na habanduki kwenye gemu. Baba alikuwa ametununulia mashine iliyotumika, sokoni, pamoja na gemu moja tu ya magari. Mji wa kubuni kando ya maji, una madaraja, una milima, una barabara inayozunguka ufuo wote. Zamani Raya alikuwa akicheza saa moja Jumamosi, tena kwa kunipokeza rimoti. Sasa nikitoka kwenda skuli namwacha amekaa sakafuni na sare yake, nikirudi namkuta palepale. Skuli walileta barua. Raya aliifungua mbele ya Baba, akaisoma kwa macho, akamwambia kwamba darasa lao linapelekwa makumbusho. Baba akatia sahihi huku anapiga miayo. Hakuna aliyemgusa. Mimi siku niliyosahau kiatu kimoja cha mazoezi nilisemwa mpaka chakula cha jioni.

Halafu alasiri moja nilifungua mlango wa sebule nikamkuta Mama ameshuka. Amekaa kwenye kochi ubavuni mwa Raya, mabega yao yamegusana, anatazama kioo cha televisheni. Na anasema. Maneno machache, lakini anasema.

"Polepole, mwanangu, nataka kuona."

"Haya, Mama."

"Ile nyumba ya nani?"

"Haina mtu. Wameichora tu."

"Pita tena pale darajani."

Raya akarudi nyuma akapita tena darajani. Magari mengine yote yalishafika mwisho, yalishapigiwa makofi, na yeye ndiyo kwanza anakata kona kama bibi arusi. Akatoka wa mwisho. Kesho yake tena wa mwisho. Nilisimama mlangoni na begi langu mgongoni, roho inaniuma, nikasema, "Hata kuendesha hujui." Raya alinikata jicho. Mama hakugeuka. Mtu mwenye mablanketi matano ya mapenzi yangu hakugeuka.

Nikajipangia hesabu yangu ya kitoto: Mama anapenda gemu, Raya ni mbovu wa gemu, kwa hiyo nikicheza mimi nikashinda, Mama atakuwa wangu. Nafasi ilipatikana Raya alipokwenda chooni. Niliruka nikakaa mahali pake, nikashika rimoti, nikakanyaga mafuta mpaka kidole kikawa cheupe. Niliyapita magari manne. Nikagonga ukuta, nikagonga gari la mtu, gari likabingirika, kioo chote kikawa kinazunguka, sauti imejaa chumba. "Mama, ona," nilimwambia. "Mama, nimekuwa wa pili."

Mama alikuwa amefumba macho. Ameshika ncha ya kanga yake kwa mikono miwili. Akainuka, akatoka, na nikasikia ngazi zinalia moja baada ya nyingine, kisha mlango wa chumbani.

Raya alirudi akakuta nafasi ya Mama tupu. "Nani kamfukuza?" aliniuliza, kisha akajijibu. "Wiki tatu nimehangaika kumtoa mule chumbani. Wewe dakika tatu tu umemrudisha." Hakunipiga. Afadhali angenipiga, maana nilichosikia mimi ni kwamba Mama ni mali yake na mimi nimemharibia.

Lakini simtakasi dada yangu. Mama alipokuwa hashuki Raya aliendelea kucheza, tena zaidi. Hakuoga siku tatu. Ukimwita chakula tayari hasikii, ukimgusa bega anashtuka, macho mekundu. Siku moja Baba alichomoa waya akaenda nao chumbani, na Raya alipiga kelele ambayo sijaisikia tena kwake, mpaka Baba mwenyewe akaogopa akaurudisha. Mimi nilikuwa kwenye ngazi nawaza kwamba nikipiga kelele ile mimi, nitachapwa.

Hapo ndipo alipoingia Shangazi Zuwena. Dada yake Baba, anakaa Newtown, anauza nguo sokoni, na kila Jumapili alikuja kutukagua. Alimtazama Mama akasema, "Wifi yangu baridi imemkaa," akamwekea uji wa pilipili manga, basi. Lakini Raya alimtazama muda mrefu, akamgeuza uso huku na huku kama anayenunua kuku.

"Huyu ana kitu," alimwambia Baba. "Mtoto wa kike, macho kama kaa la moto, hasali kwa wakati, hasikii akiitwa. Huyu kapigwa jicho."

Jumapili iliyofuata alikuja kwa basi toka Newtown, na sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu imefungwa taulo mapajani mwake. Maalim wetu wa chuo cha Kurani alikuwa ameiandika aya toka katikati mpaka ukingoni, kwa wino wa zafarani. Wenzangu wa visiwani mnajua kombe. Shangazi alimimina marashi ya mawaridi na maji, akaizungusha taratibu, na maandishi yakaanza kulegea, yakawa nyuzi za manjano, yakapotea ndani ya maji. Nyumba nzima ikanukia harusi. Aliyatia kwenye chupa kubwa, akaiweka kwenye friji nyuma ya maziwa, akatoa amri: Raya anywe kikombe kidogo kila siku baada ya alasiri, siku saba kuanzia kesho, atie nia, na lisimwagike hata tone. Jumapili ijayo yeye mwenyewe atakuja kumnywesha la mwisho.

Raya alikunywa bila ubishi, macho hayakutoka kwenye kioo. Hata nia sidhani kama alitia.

Jamani, hilo lilinishinda. Daktari alipelekwa yeye. Chipsi alinunuliwa yeye. Mama anakaa naye, gemu yake, skuli haendi na hasemwi, na sasa na Shangazi kapanda basi na sahani mapajani kwa ajili yake. Sahani nzima ya maneno ya Mungu, na si kwa ajili yangu hata herufi moja. Jumatatu, Raya akiwa sebuleni, nilifungua friji, nikasema bismillahi, nikanywa funda mbili. Nikatia nia niliyoijua mimi: Mama anisuke.

Jumanne nikanywa tena, na Jumatano. Kila nikimaliza nilikuwa nakwenda kukaa kitandani kwa Mama, kichwa nimekiinamisha karibu na mkono wake, nasubiri. Mkono haukusogea. Nikafikiri labda nimekunywa kidogo, nikaongeza. Kufika Alhamisi chupa iko robo na mimi moyo umenitoka. Nilijua nimeiba dawa ya mtu, tena dawa kama ile. Nikajaza maji ya bomba, yakawa meupe. Nikapekua kabati nikaona kijikebe cha rangi ya biriani, nikatia kijiko kimoja, nikaona bado, nikatia cha pili.

Jumapili Shangazi alifika, akavua viatu, akaenda moja kwa moja sebuleni. Tulikuwepo wote. Mama kwenye kochi, maana siku ile alikuwa ameshuka, Raya sakafuni na rimoti yake, Baba ameamka kwa heshima ya dada yake, mimi nyuma ya pazia nusu.

"Hebu nitazame," Shangazi alimwambia Raya. Raya akainua uso. "Toa ulimi."

Raya alitoa ulimi. Ulikuwa wa rangi ya chungwa, wa kung'aa, na fizi vilevile, na pembe za mdomo. Siku tatu alikuwa anakunywa na mtu hakumtazama usoni. Hilo naliona sasa, zamani sikuliona. Shangazi alikwenda kuileta chupa, akainusa.

"Hii rangi ya biriani," alisema, polepole kabisa. "Nani kachezea kombe?"

Pazia lilinisaliti, lilikuwa linatetemeka.

"Wewe? Umekunywa kombe la dada yako? Una ugonjwa gani wewe?"

Kwa kawaida nyumbani nilikuwa naulizwa kwa Kiswahili najibu kwa Kiingereza. Siku ile Kiswahili kilinitoka chenyewe. "Sina ugonjwa. Nataka Mama anisuke. Kila kitu anapewa Raya. Daktari Raya, chipsi Raya, Mama wa Raya, kombe la Raya." Na nikalia kwa sauti, bila aibu, kamasi mpaka kidevuni.

Injini ya gari la Raya ilikuwa bado inanguruma kwenye kioo. Kisha Mama akasema, kwa sauti iliyokauka:

"Mngenipa mimi."

"Nini, wifi?" Shangazi aliuliza.

"Hilo kombe. Mnamnywesha mtoto bure. Mgonjwa ni mimi."

"Wewe una baridi tu, wifi yangu, itatoka..."

"Si baridi, Zuwena. Baridi naijua." Mama alikuwa anatazama mikono yake. "Nilimwambia daktari kwa mdomo wangu kwamba kila nikilala namwomba Mungu nisiamke. Akaniambia nipumzike. Nikasema basi, hata yeye kanisikia na hana la kunifanyia."

Rimoti ilianguka kwenye zulia.

"Hakusikia, Mama," Raya alisema. "Sikumwambia."

Mama akamgeukia.

"Nilimwambia hupati usingizi. Hilo tu. Niliogopa watakuja kukuchukua. Halmashauri itatuchukua na sisi watoto." Ulimi wake wa chungwa ulikuwa unaonekana anaposema, na siku nyingine ningecheka. "Ndiyo maana siendi skuli. Nikienda nani atakutazama?"

Kwenye kioo gari lake lilikuwa limesimama katikati ya daraja na magari mengine yanalipita. Mama alimvuta Raya, dada mtu mzima wa miaka kumi na tano, akamlaza kichwa mapajani, palepale katikati ya magoti pangu. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona wivu. Nimeshayasikia yote yale kwa masikio yangu, na bado niliona wivu.

Shangazi hakurudi Newtown siku ile. Alilala kwenye kochi letu, na asubuhi akamvika Mama koti, akamfunga vifungo mwenyewe, akampeleka kwa daktari. Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia nguo, lakini alilisema neno zima kama Mama alivyolisema, hakupunguza. Safari za baadaye walimpata mkalimani, mama mmoja wa Kenya, mtu mzima. Baba aliporudi kazini alikaa kwenye ngazi na koti lake lenye unga. Tangu siku ile sikumsikia tena akitaja baridi.

Kupona kwa Mama hakukuwa kwa kombe peke yake wala vidonge peke yake, na hakukuwa kwa haraka. Jumamosi moja aliniita, akanisuka mistari mitatu, imekwenda kombo, mikono inamtetemeka kwa dawa. Nilikwenda skuli bila mtandio, kichwa kimepinda, najiona malkia.

Sote tulidhani Raya atatua mzigo na gemu ataiacha. Wapi. Mama alivyopata nafuu ndivyo yeye alivyozidi kuzama. Mwalimu mmoja wa kike alikuwa anakuja nyumbani kuzungumza naye, na mwaka akaurudia. Aliniambia mara moja kwamba akizima mashine anasikia tena ile sauti ya Mama kwa daktari. Sasa ikawa Mama ndiye anayekaa ubavuni mwake na koti tayari mkononi. "Basi, mwanangu. Twende dukani. Twende mimi na wewe, kwa miguu." Siku nyingine walifika dukani, siku nyingine walifika mlangoni tu. Na mimi nikawatazama kupitia dirishani wakishikana mikono, zamu ya Raya tena.

Basi wiki iliyopita nikiwa nimekaa sakafuni na ile sahani, Raya aliingia na sanduku tupu. Akaiona, akacheka kidogo.

"Mwizi wa kombe," alisema.

"Kwa nini anahamia kwako?" nilimwuliza. Lilinitoka tu. "Kwa nini kila siku wewe?"

Alikaa chini karibu yangu. "Unajua nilikuwa nakuonea wivu vipi wewe?"

"Mimi? Wivu wa nini?"

"Siku ile ulikula chipsi zangu. Ulizila zote, ukalamba vidole, ukaenda kucheza. Nikakutazama nikasema, huyu hajui." Alizungushia sahani gazeti, tabaka mbili, akanipa. "Nilitaka sana niwe mimi nisiyejua. Chukua sahani."

Nikaichukua. Tulimaliza vyombo, tukafunga nyumba, tukamshusha Mama ngazi za mlangoni. Raya huwa ndiye anayemwendesha kwa gari. Mama mbele, mimi nyuma na mizigo, hivyo ndivyo tunavyokaa miaka yote. Jana yake nilikuwa nimeshajinunia kwa ajili hiyo. Lakini Raya alinitupia ufunguo juu ya paa la gari, akafungua mlango wa nyuma, akajibana katikati ya masanduku. Sekunde chache tu nikasikia vile vijimlio vya gemu kwenye simu yake. Bado hucheza akiwa na jambo moyoni.

Nilimfunga Mama mkanda, nikaweka sahani mapajani mwake, nikawasha. Tulipokata kona ya mtaa, mbele ya duka la muhogo, nikakanyaga mafuta kidogo. Mama akanigusa goti.

"Polepole, mwanangu," aliniambia mimi. "Nataka kuona."